Mama Warsini Anasifu Mikono Yangu

Mama Warsini aliposifu mikono yangu, nilijua nimekwisha.

Alikuja asubuhi, akaketi kwenye benchi la wateja na batiki yake imenyooka kama haijawahi kukaliwa, akanitazama nikilitoa tairi la pikipiki kwenye ringi. "Mikono ina nguvu, baba," akasema kwa ile sauti yao Wajava wa Klaten, sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Mwenye mikono kama hii hakosi kazi popote."

Popote. Hakusema hapa.

Kisha akauliza habari za mama yangu kule kwetu Samosir, kisiwa cha katikati ya ziwa, na kama sijamkumbuka. Akasema wiki hii nyumbani kwake kutakuwa na pirikapirika kidogo, watu wengi, nazi nyingi, anaomba radhi mapema kwa usumbufu. Akatabasamu. Akaenda zake, mimi nikabaki na tairi mkononi nimesahau pancha iko upande gani.

Kibanda changu kimeegemea ukuta wake, ukingoni mwa barabara ya Solo, na kiwanja ni chake. Akisema toka, natoka. Kimesomesha binti zangu wawili, wa tatu bado yuko sekondari, na umri wa kuanza upya sina.

Sisi Wabatak tukitaka mtu atoke tunamwambia toka, hata jirani wa nyumba ya nne anasikia, halafu jioni tunakunywa naye kahawa. Wajava hawatoi watu hivyo. Nawajua. Pale Salatiga, nilikokuwa na kibanda kabla, mwenye kiwanja aliniletea wali wa kunata, akaniuliza habari za mama yangu, akacheka kwa kila nililosema hata lile lisilochekesha. Kulipokucha nikakuta ukuta wa tofali mbele ya mlango wangu, umenyooka vizuri, umepigwa lipu kabisa. Boyolali nilipewa ndizi. Tangu hapo mtu akiniletea chakula bila sababu, kwanza natazama kama kuna mchanga na saruji karibu.

Na sababu za kumshuku Mama Warsini zilikuwepo. Binti yake Retno alikuwa anaolewa, mtaa mzima unajua. Kadi za mwaliko niliziona kwa macho yangu zikienda: kijana wa pikipiki alivuka barabara akampa muuza mabati, akampa daktari wa meno, akampa hata yule mzee wa karakana asiyesalimia mtu. Mimi ninayeegemea ukuta wa bibi harusi, hakuna kitu. Kwetu harusini kila mtu ana mahali pake pa kukaa, na wa kumwita kwa jina. Asiyeitwa hana mahali. Akienda, ni njaa imempeleka.

Siku iliyofuata akaja mwanamume mwenye mwavuli uliokunjwa. Akapima kwa hatua kutoka lango la Mama Warsini hadi kibandani kwangu, akatazama paa langu, akatazama nguzo, akaandika kitu kwenye kiganja.

"Unapima nini, kaka?" nikamuuliza.

Akashtuka. Sauti yangu ya kawaida huwashtua. "Ah, sipimi, baba. Naangaliaangalia tu."

"Unaangaliaangalia paa langu?"

"Zuri," akasema, akaondoka haraka.

Paa langu si zuri. Hata mimi niliyelijenga silisifu.

Nikamwendea Parlin, Mbatak mwenzangu anayeita abiria kwenye stendi ya mabasi; kwa desturi yetu tunaitana shemeji. Akanisikiliza huku akimpigia kelele dereva wa basi la Semarang. "Shemeji, huyo anakutoa," akasema. "Kakuuliza habari za mama yako?"

"Kaniuliza."

"Basi imeisha hiyo. Usingoje tofali. Nenda kamuulize usoni kwake, akujibu kama binadamu. Na hapa nyuma ya choo cha stendi kuna nafasi, nitakushikia."

"Nyuma ya choo, shemeji?"

"Wateja hawatakosa. Kila mtu anapita."

Nikaenda. Mama Warsini alikuwa barazani na dada zake waliotoka Wonogiri, wameketi juu ya mkeka wanachambua vitunguu. Nilivua kandambili, hilo nalijua. Lakini moyo ulikuwa unakwenda mbio, na mimi moyo ukienda mbio sauti hupanda kama niko ng'ambo ya ziwa.

"Mama, nisikie. Kama unanitoa, niambie. Unanitoa au hunitoi?"

Visu vyote vikasimama. Dada mmoja alitazama kitunguu chake kama ndicho kilichouliza.

Mama Warsini akatabasamu. "Hapana, baba. Nani kasema?" Akaagiza chai. Ikaja, tamu, ya moto. Nikainywa pale pale mpaka chini, kisha nikaona kwamba vikombe vya wengine vimejaa, hakuna aliyegusa, kwa sababu mwenyeji alikuwa bado hajasema karibuni. Wakatabasamu wote, safu nzima, wakubwa kwa wadogo.

Nimeona tabasamu hilo. Lilikuwa la Salatiga, bila lipu tu.

Nikatoka nikiwa nimeapa sitangoja. Kesho yake Parlin akaja na pikapu ya kuazima, tukaanza kupakia. Tumepandisha kompresa na nusu ya matairi, akatokea Lasmi, anayeuza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, hatua chache kutoka kwangu. Meza yake ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu juzi, nilidhani anaumwa. Kumbe hakuumwa. Alikuwa na kisu kiunoni na machicha ya nazi kwenye nywele.

"Kaka Manaek, unakwenda wapi?"

"Nahama kabla sijahamishwa."

"Umehamishwa na nani?"

"Na tajiri wako huyo mwenye ukuta. Usijifanye hujui, dada. Kaniambia nitapata kazi popote. Kamleta mtu wa kupima."

"Mtu wa mwavuli? Huyo ni wa maturubai ya harusi. Anatafuta pa kufunga kamba."

"Na kadi? Mpaka daktari wa meno kapewa kadi."

Lasmi akanitazama kama anavyotazama mafuta ambayo hayajapata moto. "Mimi nimepewa kadi?"

"Sijui."

"Sijapewa. Kadi ni ya mgeni. Wa ukuta mmoja ndio wenye shughuli, kaka. Wanakuja wenyewe. Mtaa mzima uko jikoni kwa Mama Warsini siku ya tatu hii, wanaume wanachanja kuni, wanawake wanakuna nazi, na mtu mmoja tu hajaonekana. Yuko hapa anapakia matairi."

"Hakuniita."

"Alikuja mwenyewe kukuita. Aliketi kwenye benchi lako. Hakukuambia nazi ni nyingi?"

"Aliniambia nazi ni nyingi. Nikasema sawa."

"Hakusifu mikono?"

Parlin akashuka kwenye pikapu. "Ngoja, dada. Yaani huko ndiko kumwita mtu?"

"Alitaka kaka ajitolee mwenyewe. Akiombwa waziwazi na akawa na udhuru, si wataaibika wote wawili? Na mimi nilikuambia juzi, kaka: nazi zimefika. Nilipita hapa nikasema nazi zimefika."

"Nilidhani unanipa habari."

"Habari ya nazi ya nini, wewe?"

Nilikaa juu ya tairi. Sasa nilimwona Mama Warsini upya: mwanamke amekuja kwa heshima zake zote kunihesabu wa nyumbani, mimi nimekwenda kumpigia kelele mbele ya dada zake kama mdai. Kabla ya jana hakuwa na sababu ya kunitoa. Leo anayo.

"Je, kakasirika?" nikauliza.

"Hajasema kitu," akasema Lasmi.

Hilo ndilo jibu nililoliogopa.

Parlin alitaka twende wote tukaombe radhi kwa sauti, kwa utaratibu, na samaki mkubwa wa kukaanga tumebeba kama kwetu. Lasmi akamwambia airudishe kompresa mahali pake, anyamaze. Mimi nikachukua chuma changu cha kufungulia matairi, kile kirefu, nikapita lango la nyuma bila kubisha.

Nazi zilikuwa lundo la kufika kiunoni. Wajomba wa bibi harusi walikuwa wanazifua kwa kubembelezana nazo. Nikachomeka chuma ardhini ncha juu, nikaanza. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mjomba mmoja alisogea akanipa nafasi, mwingine akanisukumia sigara. Nilifua mpaka viganja vikavimba, na mara kwa mara nilimwona Mama Warsini akipita na sinia. Alitabasamu kila alipopita. Sikuwahi kuogopa meno ya mtu mwenye adabu kiasi kile.

Mchana ikaja chai. Nikaiacha pale mbele yangu. Ikapoa. Nzi mmoja akaizungukazunguka, nikamfukuza. Nilingoja mpaka Mama Warsini mwenyewe akasema karibuni, na hata hapo nikawaacha wajomba watangulie. Lasmi aliyekuwa kwenye kikunio aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika.

Siku ya harusi walinipa shati la batiki na kazi ya langoni, kupanga magari na pikipiki. "Baba," Mama Warsini akaniambia, "leo sauti isibaki na deni." Nikaitoa yote. Basi la upande wa bwana harusi lilirudi nyuma lenyewe kabla sijamaliza sentensi, na daktari wa meno, na kadi yake mkononi, aliegesha mara mbili bila kubisha.

Lakini swali langu lilikuwa bado kooni. Kufua nazi si mkataba. Mtu anaweza kutumia mikono yako Jumapili na Jumatatu akaleta tofali. Maturubai yaliposhushwa nilimkuta peke yake barazani akihesabu vijiko. Ulimi uliniwasha. Unanitoa au hunitoi, maneno machache tu, yangeisha hapo. Nikaumeza. Nikaketi mbali kidogo, nikatazama bustani, nikauliza habari za miguu yake. Nikasifu mahindi ya jirani. Nikasema mvua mwaka huu inachelewa.

"Inachelewa," akasema.

"Paa langu linavuja upande wa magharibi, mama. Nilikuwa nawaza kulitengeneza kabla ya mvua. Ila ni kazi. Mtu anajiuliza kama inafaa."

Aliweka vijiko chini. Alinitazama kwanza kwa mshangao, kisha akafunika mdomo kwa kiganja, na juu ya kiganja macho yakacheka.

"Upande wa mashariki nao umechoka, baba," akasema.

Nikashukuru, nikatoka nikinyata. Jasho lilikuwa limenitoka kuliko siku ya nazi. Nikaenda moja kwa moja hadi kwa Lasmi, aliyekuwa amefungua tena meza yake, nikamweleza neno kwa neno.

"Kasema mashariki nako kumechoka. Anamaanisha nini? Kibanda kimezeeka, nikibomoe?"

Lasmi akageuza tempe kwenye mafuta. "Anamaanisha nunua mabati ya kutosha pande zote," akasema. "Na ukirudi upite kwake umwombe ngazi. Hapana, usiombe. Mwambie tu paa liko juu."