Sauti ya Hope Ilivyorudi Nyumbani Peke Yake

Kila neno la hapa ni kweli tupu. Anayebisha apande bodaboda hadi Nakwa akaulize mwenyewe, uji atapewa.

Jumanne moja, saa tisa alasiri, Bibi Coletha alikuwa uani kwake akichambua maharage, sauti ya mjukuu wake ikaingia getini bila mjukuu. Haikuwa sauti yake yote; ilikuwa ile moja ya kooni, ambayo Wagorowa huitoa katika lugha yao kwa kubana koromeo, kama mtu aliyetaka kukohoa akaghairi. Ilikuwa na vumbi hadi kiunoni. Bibi aliitambua mara moja, maana ndiye aliyemfundisha Hope kuitoa, mtoto angali na meno mawili. Akaikung'uta vumbi, akaipa uji.

Hope alifika saa kumi, sare safi, alama ya kamba shingoni. Shuleni kwao, anayeteleza akasema kilugha huvishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Siku hiyo Hope alikivaa vipindi vinne. Kipindi cha tano sauti ikaona heri iondoke.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hebu niite jina langu."

Jina la nyumbani la Bibi Coletha lina sauti ile katikati. Hope akajaribu. Pale katikati pakatoka upepo mtupu.

"Imekataa, Bibi."

"Haijakataa. Iko jikoni inakunywa uji."

Duniani alikuwa amebaki Hope tu wa kumwita jina hilo. Wengine waliolijua walishazikwa, na mjini yeye ni Coletha wa kwenye cheti cha ubatizo. Bibi hakuogopa kufa. Aliogopa kufa hajaitwa.

Wakajaribu kuirudisha. Hope alipanua kinywa, sauti ikachungulia, ikaona ile alama ya kamba, ikageuza.

Wiki iliyofuata akaja Calvin, mtafiti wa isimu kutoka chuo kikuu, na kinasa sauti chake. Alipoonyeshwa sauti imekaa kwenye kigoda, aliomba tu isogee penye mwanga.

"Hii tunaiita ya koromeo, Bibi. Shina la ulimi linarudi nyuma, koo linabanwa, nyuzi za sauti zinatetema, yaani ni ghuna. Waarabu wanayo, Wasomali wanayo."

"Nao wanavishwa kibao?"

Calvin akainamia daftari. Akaandika sifa bainifu za sauti ile, moja moja, kwa alama za hesabu: koromeo jumlisha, ghuna jumlisha, pua toa. Sauti ikanyoosha shingo, ikatulia, kama inapigwa picha ya kitambulisho.

"Umeijua vizuri," Bibi akasema. "Sasa mrudishie mtoto."

"Bibi, sisi tunaeleza tu. Kurudisha hatukusomea."

Habari zikaenea. Kufika mwisho wa mwezi zilikuwa zimekuja sauti nyingine, za watoto wa shule za Maisaka na Bagara. Kulikuwa na zile zinazopita pembeni mwa ulimi zikifoka kama mvuke, ambazo zilikaa karibu na birika, watu wasizitofautishe nalo. Kulikuwa na zile za kupasuka kooni kama bisi, na hizo zilimnyima paka usingizi. Bibi akabadilisha sufuria, akateleka kubwa zaidi.

Ndipo Mwalimu Felix wa shuleni kwa Hope akaja kulalamika kwamba wanafunzi wanashinda wakitazama dirishani, wakizingoja sauti zao. Ni mtu mpole, mzaliwa wa Dareda. Kabla hajamaliza kusalimia, sauti moja kuukuu iliyokuwa imefika ikichechemea ikapanda magotini kwake. Mwalimu akaishika kichwani.

"Nilikuwa darasa la pili iliponiacha," akasema.

"Basi ichukue, mwanangu."

"Nikiichukua, Mama, kesho nitamvishaje mtoto kibao?"

"Usimvishe."

"Kibao si changu. Nilikikuta."

Akaishusha taratibu, akaifuta vumbi kwa leso yake, akaaga.

Ijumaa yake Mwalimu Felix akakichoma kibao mbele ya shule nzima. Hope akarudi mbio, sauti ikamrukia kinywani, akamwita bibi yake jina zima hadi kuku wakageuka.

"Wee mzee, mwogope Mungu!"

Huyo ni Otilia, jirani wa Bibi Coletha, aliyekuwa akimenya viazi huku anasikiliza hadithi hii. "Kibao nimekiona jana kwa macho yangu. Kimepigwa rangi mpya."

Msimulizi akajikuna kisogo. Akakiri kwamba hapo pa Ijumaa ameongeza chumvi: kibao hakijachomwa, na sauti haijamrudia Hope. Otilia akamtoza faini ya kilo mbili za sukari, akamsindikiza hadi dukani asije akapotea njia, na msimulizi akazipeleka mwenyewe kwa Bibi Coletha.

Bibi akapokea, akashukuru, akaukoroga uji, akamimina vikombe thelathini na kimoja, kila sauti na chake. Kisha akaivutia kigoda ile sauti ya Hope.

"Haya," akasema, "niite."

Sauti ikatamka kipande chake, kifupi, vizuri kabisa. Bibi akabaki ametega sikio. Vipande vingine vya jina vilikuwa kinywani mwa Hope, shuleni, darasa la tatu, vinafanya hesabu.