Sahani ya Mtani

Kashindye alipoanza kuuza matobolwa, mtu wa kwanza kumcheka alikuwa fundi Majidi. Hilo halikumshangaza. Majidi alikuwa mtani wake.

Mtaji wenyewe ulikuwa gunia moja ambalo kaka yake alilipakia kwenye lori kule Choma, jiko la mkaa la kuazima, na sufuria ya mama yake. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka. Watu wa mjini walivila kwa wazazi wao vijijini, lakini hawakuzoea kuvinunua. Kashindye alivichemsha tena vikalainika, akavimwagia karanga za kutwanga, akaweka benchi chini ya turubai pale Ipuli, mjini Tabora, ubavuni mwa baraza ya fundi. Akangoja.

"Jamani, msafara umeingia!" Majidi alipaza sauti kutoka kwenye cherehani yake. "Njooni muone chakula cha wapagazi! Babu zake huyu walibeba pembe mpaka pwani kwa hiki hiki, ndiyo maana ukoo mzima hauna shingo."

"Na babu zako walikaa pwani kuwasubiri wawauzie maji," Kashindye akajibu. "Mzaramo hajawahi kubeba hata godoro lake."

Watu wakacheka, wakasogea. Majidi akaja, akachukua sahani bila kuomba, akala yote kwa kusimama, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga ya Kashindye. "Mbaya kabisa," akasema. "Kesho nitakuja kuhakikisha."

Wakubwa zake Majidi walitoka pwani na misafara ya zamani, wakalowea Tabora. Kizaramo kilishapotea nyumbani mwao, lakini utani haukupotea. Mtani huchukua chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Siku nyingine utamchukulia chake. Kila asubuhi Majidi alikula sahani yake akiitukana sufuria, karanga na mpishi, na waliosogea kusikiliza matusi waliondoka wameshiba. Bertila, mama yake Kashindye, aliyetwanga karanga nyuma ya turubai, aliwashinda wote wawili kwa matusi. Yeye alimwita Majidi mkwe aliyekataliwa.

Masika ilipofika, mvua ikalilowesha gunia, nusu yake ikaota ukungu. Kashindye akaenda kuomba ushauri kwa Theodora, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Mtaji wako mdogo, dada," Theodora alimwambia. "Kila sahani inayotoka bure inautafuna. Nani anakula bure?"

"Mtani wangu tu."

"Basi anza na huyo."

Theodora hakukosea. Alikuwa ameona biashara nyingi zikifia mikononi mwa ndugu. Ila hakuwahi kukaa asubuhi kwenye benchi lile.

Kesho yake Majidi aliponyoosha mkono, Kashindye akaivuta sahani.

"Lipa kwanza."

"Lo! Mpagazi anadai ushuru!" Watu wakacheka. Majidi akaishika sahani upande wa pili.

"Sitanii, Majidi. Nakwambia mbele ya watu, sitanii. Kama huna hela, usile."

Kicheko kikakatika. Majidi akaiachia sahani taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akalipa. Akala akiwa ameketi. Alipomaliza aliirudisha sahani kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Chakula kizuri."

Nyuma ya turubai, mchi ulikuwa umenyamaza.

"Ungemwibia mkasi," Bertila alimwambia bintiye jioni. "Ungemwibia mkasi, ukamwambia haurudi mpaka alipe alivyokula. Angelipa huku anacheka. Sasa umemwambia kwamba wewe si wake."

Majidi hakuhama wala hakununa. Alikuja kila asubuhi, akalipa, akashukuru. Kashindye akajikuta anamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kama watu waliokutana ofisini. Biashara haikufa. Magunia mengine yalifika, jiko la kuazima likarudi kwa mwenyewe. Lakini wateja walikula wakaondoka, hakuna aliyekawia. Siku moja alijaribu. "Leo karanga nimezitwanga kwa miguu," akamwambia fundi.

"Usijali, mama. Ni nzuri tu."

Kiangazi, Bertila akashikwa na homa, akafa.

Makaburini, jeneza lilipofikishwa, wachimbaji waliegemea majembe wakingoja. Hapo ndipo mtani huruka shimoni, akajilaza, akakataa kutoka mpaka wafiwa wamlipe, na wanaolia hucheka kidogo wakapata pumzi. Wote walimtazama Majidi. Alikuwa amesimama nyuma, kanzu yake imepigwa pasi.

"Fundi, vipi?" mmoja akamwita. "Shimo lako hilo."

"Hapana," Majidi akasema polepole. "Mimi hapa ni mteja."

Hakusema kwa kisasi. Alisema kama mtu anayeelekeza anapoishi. Kisha akamtazama Kashindye, akaendelea kumtazama, kana kwamba anangoja asahihishwe. Kashindye alifungua mdomo. Watu walikuwa wengi, na neno lililotakiwa lilikuwa la kuchekesha. Hakulipata. Majidi akainamisha macho.

Wakamzika Bertila kimya, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa kimya.

Matanga yalipoanuliwa, Kashindye alirudi kwenye benchi lake. Majidi alipokuja asubuhi, kabla hajaingiza mkono mfukoni, Kashindye alimnyakua kofia kichwani, akaificha nyuma ya mgongo.

"Haitoki!" akasema. "Mpaka ucheze kama ulivyotakiwa kucheza kaburini kwa mama yangu!"

Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana, hawakujua kama wacheke. Majidi akapapasa kichwa chake kitupu.

"Umefiwa juzi tu, mama," akasema kwa upole. "Pumzika. Nitaifuata jioni."

Akarudi kwenye cherehani, kichwa wazi, akashona. Jua lilipopanda na kuingia barazani, Kashindye alimwona akigeuza shingo kulikwepa. Hakuweza kuvumilia. Akaenda, akaiweka kofia juu ya meza ya cherehani, akaisogeza karibu na mkono wake.

"Asante," Majidi akasema, akaivaa.

Kashindye alirudi kwenye sufuria. Matobolwa yalikuwa yamelainika kupita kiasi, na wateja wawili walikuwa wanangoja, kila mmoja ameshika hela yake mkononi.