Neno la Silinda ya Tatu

Jana usiku nililala na dizeli kwenye kucha, na katika usingizi huo niliota injini ya zamani ya Kupaza imekaa kwenye mkeka wangu, inakunywa chai.

Hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni kwamba ilikuwa inatumia kikombe changu.

Kupaza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Mwantumu. Ana pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yake ni kuteremsha kabichi kutoka Lukozi hadi Mombo. Injini yake ya silinda sita ilikuwa imechoka, na bado ilikunywa mafuta kama mwalikwa anavyokunywa soda za harusi. Kwa hiyo mimi, Fundi Singano, niliing'oa nikaweka nyingine ya silinda nne. Tulimaliza jana jioni. Asubuhi yake pikapu ilikuwa ishuke mlima na mzigo, na Mwantumu alikuwa apande mbele pamoja na kaka yake, anakwenda Mombo kumwoza binti wa dada yao.

Hayo yalitokea nikiwa macho. Kwenye ndoto, injini ya zamani iliweka kikombe chini, ikajifuta mdomo kwa ncha ya mkeka, ikasema, "Hujanigeuza."

Ilikuwa kweli. Gereji yangu ina desturi, nami niliikuta kwa fundi aliyenifunza kazi. Ukishang'oa injini, kabla hujaiwasha mpya, ile ya zamani unaigeuza uso ukutani. Si vizuri imwone mwenzake akikaa mahali pake. Wateja hucheka wakiiona, isipokuwa wale wenye wake wawili, ambao huniambia nisije nikaiacha. Jana watu wa kunisaidia kuisukuma walikuwa wameshaondoka, na mimi nilikuwa na njaa. Nikasema kesho.

"Unisamehe, Bi Mkubwa," nikaiambia.

"Nimeona yote," ikasema. "Nimeona akivalishwa mabomba yangu. Nimeona akipewa radieta yangu, na maji yangu yakiwa bado humo. Sisemi kitu."

"Lakini unasema."

"Nasema hili moja tu. Sisi tulikuwa sita. Hawa ni wanne, na gari lina magurudumu manne. Unajua maana yake?"

"Nguvu itagawanywa sawa," nikasema, maana mtu hapendi kuonekana mjinga mbele ya injini aliyoing'oa mwenyewe.

"Haigawanywi. Kila mmoja amepewa gurudumu lake alilee. Gurudumu litasikiliza mlezi wake na si mtu mwingine. Nenda kawasikilize, Singano. Mmoja wao hasemi."

Nikainuka niende. Nilipovaa kiatu cha kwanza nilikuwa bado barazani kwangu. Nilipovaa cha pili nilikuwa Mombo.

Nilijua ni Mombo kwa ajili ya joto. Chini ya turubai la harusi viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, na kwenye kila kiti amekaa kabichi. Wengine wamejifunika mitandio. Wote wanatazama mbele. Hakuna anayejipepea, ingawa majani yao ya nje yameanza kulegea. Harufu ya udi imejaa kila mahali, ule udi ambao Mwantumu huuweka kabatini kwa siku kubwa.

"Harusi ndiyo hii?" nikamuuliza kabichi aliyekuwa karibu.

"Ndiyo hii."

"Mbona kimya?"

"Tunamsubiri mama mdogo wa bibi harusi. Anashuka na pikapu."

Mbele, karibu na jukwaa, kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Juu yake wameweka viatu vya Mwantumu, vile vya rangi ya kahawia, visigino vimetazama nyuma.

"Amechelewa," nikasema.

"Hatusemi amechelewa," kabichi akajibu. "Hatusemi kitu. Sisi ni wageni tu."

Niliogopa. Nilitaka kuviondoa vile viatu pale kwenye kiti, lakini nilipovishika vilikuwa vizito kama jeki, na safu nzima ya kabichi ikageuka kunitazama. Nikaviacha.

Pikapu ilikuwa katikati ya turubai, boneti wazi. Nikaiendea. Ile injini mpya ilikuwa imefumbua vinywa vyake vinne, na ndani ya kila kinywa mlikuwa na giza safi, lisilo na masizi.

Hapa lazima nieleze kuhusu vitambaa. Injini ikifika gereji huwa na matundu wazi, na gari lisilo na injini nalo huwa na mipira na mabomba yanayoning'inia. Mchanga ukiingia humo umeumia. Kwa hiyo kila tundu nalichomeka kitambaa. Nyumbani kwetu kanga huanza maisha yake harusini, ikazeeka ikaenda sokoni, ikazeeka tena ikaenda jikoni, na mwisho wake huja kwangu. Wiki hii Mwantumu alinipa moja nyekundu iliyochujuka, yenye maneno NENDA SALAMA URUDI SALAMA. Niliichana vipande vinne, na kila kipande kikatoka na neno lake. Kazi ikiisha, vitambaa vyote huchomolewa na kuingia mfuko wa ovaroli. Ndivyo inavyotakiwa.

"Haya, semeni," nikaziambia silinda.

"Nenda," ikasema ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya kitoto.

"Salama," ikasema ya pili.

Ya tatu ikafumbua kinywa. Nikasubiri. Kabichi wote wakasubiri. Hakikutoka kitu.

"Salama," ikasema ya nne, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemalizia dua asiyoisikia mwanzo wake.

"Rudieni."

"Nenda."

"Salama."

Kimya.

"Salama."

Nikainama nikachungulia kinywa cha tatu. "Wewe una nini?"

Aliyenijibu ni Bi Mkubwa, kutoka mbali, kutoka barazani kwangu huko juu mlimani, na bado nilimsikia anavyopuliza chai. "Hana neno. Neno lake umelipeleka kwingine. Wahenga wamekufundisha kuziba ufa, na wewe ukaziba. Nani alikufundisha kusahau?"

"Nimelipeleka wapi?"

"Kule kunakokosa pumzi."

Nikataka kuuliza zaidi, lakini turubai limeshaondoka. Nimekaa katikati ya kiti cha mbele cha pikapu, nimebanwa. Kulia kwangu Kupaza anaendesha. Kushoto kwangu Mwantumu amevaa gauni la harusi, miguu yake mitupu, anatazama mbele. Nyuma kuna mzigo wa kabichi, nao wanatazama mbele. Tunashuka.

"Gari jepesi sana, shemeji," anasema Kupaza. "Mikono yako ibarikiwe."

"Breki je?"

"Nzito. Breki nzito ndiyo breki nzima."

Maneno hayo aliyasema jana, akiwa macho. Tulilizungusha gari uwanjani kwangu, akakanyaga breki, akasema nzito, kisha akasema gari limelala muda mrefu, breki zimekakamaa, zitalainika zenyewe. Nami nikaitikia. Fundi mwenye njaa huitikia mambo mengi.

Kona ya kwanza ikatokea. "Shikamoo, fundi," ikasema.

Kabla sijafungua mdomo tumeshaipita. Ya pili nayo ikaniamkia, tukaipita. Ya tatu, ya nne. Mlima wetu una kona nyingi na zote zimelelewa vizuri. Kila moja inaniamkia kwa heshima, na mimi kila mara nabaki na marahaba kinywani. Nilisikia aibu, halafu aibu ikageuka hofu, kwa sababu hakuna mtu anayeshindwa kuitikia shikamoo isipokuwa anayeondoka kwa kasi kubwa mno.

"Punguza mwendo, Kupaza."

"Nimekanyaga tangu juu kule."

Nikatazama chini. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, umenyooka, kiatu kinatetemeka. Magurudumu matatu yalikuwa yanasita, nilisikia yanavyosita, kila moja likimsikiliza mlezi wake. La nne lilikuwa linakwenda zake. Halikuwa na mtu wa kuliambia lirudi.

"Wewe breki," nikasema, "shika."

"Nasukumwa," ikajibu breki kwa utaratibu, "lakini pumzi sina."

Ndipo nikauona ule mpira mwembamba. Kwa kawaida unakaa chini ya boneti, unatoka kwenye injini unakwenda kwenye breki, na upepo unaovutwa humo ndio unaoufanya mguu wa dereva uwe mwepesi. Kwenye ndoto ulikuwa umepita kifuani kwa Mwantumu kama mkoba, ncha yake imelala mapajani. Nikaushika nikauweka mdomoni nikavuta.

Haukupitisha kitu. Nikavuta tena. Upepo haukuja kutoka upande wowote, na nilipotaka kuutoa mdomoni haukutoka. Kona hazikuniamkia tena. Ilibaki moja tu, ile ya chini kabisa, nayo ilikuwa imesimama inatusubiri, wala haikusema shikamoo.

"Mwantumu," nikasema, ingawa mdomo ulikuwa umezibwa.

Hakugeuka. "Mimi nimeshafika," akasema. "Viatu vyangu viko kwenye kiti."

"Aliyeziba ndiye azibue," ikasema sauti ya Bi Mkubwa sikioni mwangu. "Zibua, Singano. Ukishazibua usihangaike kutafuta watu wa kunisukuma. Nitageuka mwenyewe."

Nikaamka nikiwa sina pumzi, nimekaa kitandani, mkono kooni. Kumekucha. Chumba chote kilinuka udi.

Upande wa pili wa kitanda hakukuwa na mtu. Nje honi ya pikapu ililia mara moja, ile ya kuitana, na nikasikia sauti ya Mwantumu ikisema, "Nakuja, kaka, navaa viatu."

Nilikwenda kwenye ovaroli iliyotundikwa mlangoni nikaingiza mkono mfukoni. Nikatoa kitambaa: NENDA. Nikatoa kingine: SALAMA. Nikatoa kingine: SALAMA. Nikaupindua mfuko, ukatoa nati moja na vumbi la sigara ambayo nilishaacha kuivuta.

Nilitoka bila kandambili. Mwantumu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, Kupaza yuko nyuma ya usukani, mkono umeshika ufunguo.

"Usiwashe," nikasema. "Fungua boneti."

"Shemeji, kabichi zitakauka."

"Zikauke."

Labda ni kwa jinsi nilivyosema, maana Kupaza ni mtu wa kubisha na safari hii hakubisha. Nikafungua kibano cha ule mpira mwembamba, nikauchomoa kwenye injini, nikachungulia. Nikaingiza koleo. Kitambaa kilikuja taratibu, kimesokotwa, kirefu kiasi cha kidole. Nikakipeleka dirishani, nikakikunjua mbele yao kwa ncha ya koleo.

URUDI.

Kupaza alishuka, akakitazama, kisha akatazama barabara pale inapoanza kuteremka, kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande na suruali yake safi. Mwantumu alikichukua kitambaa kwa vidole viwili.

"Mbona cha moto?" akauliza. "Gari si limelala?"

Nilikishika. Kilikuwa cha moto, na kilikuwa kimelowa. Hayakuwa mafuta. Kilikuwa kimelowa kama kitambaa kilichotoka kinywani mwa mtu.

"Ni umande," nikasema, nikaurudisha mpira mahali pake. Kupaza aliwasha, akakanyaga breki, na mguu ukazama vizuri, laini. Tulizunguka uwanja, tukashuka hadi kona ya kwanza tukasimama juu yake, tukapanda tena. Ndipo nikamruhusu. Mwantumu alipopita karibu yangu alikuwa amekifunga kile kitambaa kwenye mkoba wake, na nilifurahi, ingawa sikumwambia. Nilitazama gari hadi likapotea. Kisha nikaielekea kona ya kwanza, ambako hakukuwa na mtu, nikasema marahaba, ili nisidaiwe.

Kisha nikaingia gereji kuigeuza injini ya zamani. Ni injini ya kubebwa na wanaume watatu wasioumwa mgongo, na nilikuwa nafikiria nimwite nani.

Ilikuwa imeshatazama ukuta. Doa la mafuta lililovuja jana lilikuwa bado liko pale lilipokuwa, sasa upande wa mgongo wake, na sakafu haikuwa na alama yoyote ya kuburutwa. Pembeni yake, juu ya tofali, kilikuwepo kikombe changu.

Nilikiangalia. Kulikuwa na machicha ya chai, bado yana joto. Nikamwambia ahsante, Bi Mkubwa, nikakichukua nikaenda kukiosha.