Sauti ya Ummi Darasa la Nne

Arlène alikaa dawati la mbele kabisa, na bado maandishi ya ubaoni kwake yalikuwa ukungu. Pembeni yake alikaa Ummi, msaidizi wa darasa, mwanamke wa Tanga aliyepanga chumba mtaa wa La Rochelle. Kila Mwalimu Mokoena alipoandika, Ummi alimsomea mtoto kwa sauti ya chini, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili pale alipokwama.

Ijumaa moja ya Machi 2017, katikati ya hesabu za sehemu, Ummi aliitwa ofisini. Kamati ya kuwasaidia wanafunzi wenye mahitaji maalumu ilikuwa imekaa. Shule ilikuwa na wasaidizi wawili tu, na sasa nafasi moja, ya Ummi, imeondolewa. Mwalimu mkuu alimweleza hayo kwa upole, akampa mkono. Ummi alitaka kuuliza ni nani atakayemsomea Arlène. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Sauti yake ilikuwa imebaki darasani, inamalizia hesabu.

Mwalimu Mokoena aliisikia ikitoka kwenye kiti kitupu, akapunguza kasi ya kuandika ili isiachwe nyuma. Watoto waligeuka kuangalia, kisha wakarudi kwenye madaftari yao. Jumatatu sauti iliwahi kufika kabla ya kengele.

Denise, mama yake Arlène, ambaye alikuwa msusi mtaa wa Rosettenville, alikwenda kumwona mwalimu mkuu.

"Mtoto wangu anahitaji mtu," alisema.

"Anasomewa, mama. Kamati imeridhika."

"Anasomewa, ndiyo. Lakini akienda choo anagonga milango. Juzi ameanguka kwenye ngazi. Sauti ilimwambia pole, lakini haikumwinua."

Mwalimu mkuu alikubali kwamba hilo ni kweli. Akasema darasa lenye msaada tayari haliwezi kuombewa mtu mwingine, maana yapo madarasa ambayo hayana hata sauti. Muhula uliofuata, mtoto mwingine asiyeona vizuri, Bakiri, alihamishwa kutoka darasa la jirani na kuketishwa upande wa pili wa kile kiti. Sauti ikawa inasoma kila kitu mara mbili. Kufikia saa saba ilikuwa imekauka, na Mwalimu Mokoena alianza kuweka glasi ya maji pale, ingawa haikunywewa.

Huko La Rochelle, Ummi alijifunza kuishi bila sauti. Kwenye spaza, duka dogo la mtaani, alionyesha kwa kidole alichotaka. Mama yake alipopiga simu kutoka Tanga, Ummi aligonga simu kwa ukucha ili ajue kuwa anasikilizwa. Mwanzoni mama alilia, baadaye akazoea kuongea peke yake. Kilichomtesa Ummi zaidi ni harufu ya mafuta ya nazi, yale ambayo Denise alimpaka mwanawe kichwani kila asubuhi. Akikutana nayo barabarani alisimama, watu wakampita.

Agosti, Denise alimfuata nyumbani.

"Maman Ummi, twende. Mtoto anakuulizia kila siku. Anasema sauti iko, tantine, shangazi yake, haiko."

Mlinzi wa shule hakumruhusu Ummi kuingia, kwa kuwa si mfanyakazi tena. Ummi akasimama nje ya uzio, upande wa uwanja, wakati wa mapumziko. Denise alimwita Arlène, naye akaja akipapasa waya. Alipofika alipenyeza vidole, akagusa kidevu cha Ummi, kisha mashavu, kisha midomo.

"Tantine," alisema. "Sema kitu."

Ummi alisema. Arlène aliacha vidole kwenye midomo ile mpaka ilipotulia, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akacheka. Wakakaa hivyo, bila haraka, na Denise akageukia barabara ili asiwatazame.

Kengele ililia. Kutoka dirisha la darasa la nne sauti ikaita, imekwaruza kidogo: "Arlène, njoo mama, tunaanza."

Mtoto alisita. Kisha akatoa vidole kwenye waya, akaifuata sauti. Alikuwa anatembea upesi, asichelewe, na mbele yake mtu alikuwa ameacha ndoo ya deki katikati ya njia. Ummi aliiona. Alishika uzio kwa mikono miwili, akafungua kinywa kumwonya.

Mle darasani, sauti yake ilikuwa inamsomea Bakiri tarehe.