Kipande cha Ini Mbele ya Bambaluni

…siyo hivyo, Bambaluni, siyo hivyo hata kidogo, nimesema subiri, na wewe umemeza kwanza ndipo ukanitazama, kama mtoto anayejibu swali kabla halijaulizwa, haya, turudi mwanzo, kaa, vizuri, umekaa, mkia chini, masikio juu, kukaa unajua, kutoa mkono unajua, kuzunguka kama bibi harusi anayeonyesha nguo unajua, hata kujifanya umekufa unajua, unalala ubavu na kufumba jicho moja huku la pili likitafuta jibini, na yote hayo umeyashika kwa vipande vya jibini na maneno mazuri, bila kofi, bila kelele, sasa hili moja, hili moja tu ninalolihitaji leo, kipande cha ini kwenye kigae, mbele ya miguu yako, usikiguse mpaka niseme haya, basi, ni jambo dogo sana, humu ndani watu wazima wote wamekaa na njaa tangu alfajiri wakingoja sauti moja kutoka mnarani na hakuna aliyekufa… lakini kichwa kinaniuma, ni kukosa kahawa, kila mwaka siku hizi za mwisho za mfungo kichwa changu hugeuka jiwe, na vidole vinanuka ini la kuku, mara mbili nimeshtuka kidole kiko karibu na mdomo, astaghfirullahi, mazoea ya jikoni, na kutoka jikoni wifi yangu Wassila anapiga kelele, wifi, mayai ya sambusa za briki umeyaficha wapi, juu ya friji, nasema, kwenye bakuli la buluu, hakuna bakuli la buluu hapa, basi la kijani, Wassila, la kijani, naye anacheka peke yake na mafuta yake yanayochemka, anasema huyo mbwa amekunyang'anya hata rangi kichwani, na mimi ningecheka, siku nyingine ningecheka, leo sina nafasi ya kucheka, leo Ridha, binamu ya mume wangu, yuko sebuleni na gari lake la kubebea kondoo liko mbele ya mlango… subiri, Bambaluni, tazama mkono wangu, mkono, siyo ini, naliweka hapa, taratibu, subiri, vizuri, vizuri sana, unatetemeka lakini umekaa, subiri, na… hapana! Limekwenda, halikutafunwa hata, limeshuka kama barua kwenye sanduku, na sasa unajilamba na kuniangalia, na huko ndani namsikia Lotfi, mume wangu, anapita ukumbini na kandambili zake, chap chap chap, anasema kwa sauti ya kunifikia, Neziha, mwanafunzi wako amefaulu au nimwambie Ridha ageuze gari kabisa, na Ridha anamjibu kutoka kwenye kochi, mwache mwalimu apitie masomo, mtihani ni saa ya futari, wanacheka wote wawili, wanaume wenye njaa hucheka kwa ubaya, na mama mkwe wangu, Bi Mannoubia, hacheki, yeye anasema tu, mfungieni huo mlango wa nyuma, nimeshatawadha mimi, ingawa huku kwenye kibaraza cha kufulia niko na mlango nimeurudisha, na imamu wa mtaa alishamwambia ana kwa ana kwamba katika madhehebu yetu mate ya mbwa hayamnajisi mtu, lakini Bi Mannoubia ana madhehebu yake mwenyewe na imamu wa hayo ni yeye.

Ijumaa, ile Ijumaa, sitaki kuikumbuka na inakuja yenyewe, paja la kondoo katikati ya meza, viazi pembeni, supu imeshamiminwa, tende kwenye kisahani, tumekaa na macho kwenye televisheni tukingoja adhana, Lotfi tu yuko bafuni anaosha mikono, mimi nimeinuka kufuata jagi la maji tu, jagi la maji tu jamani, ndipo kilipopita kitu cha rangi ya andazi chini ya mkono wa Wassila, na niliporudi paja lilikuwa linaondoka ukumbini lenyewe, likiburuzwa, na Ridha ameshika ukuta kwa kucheka, anasema, huyu kafuturu kabla ya Waislamu, na Bi Mannoubia anapiga kelele kana kwamba limechukuliwa paja lake, na Lotfi, ambaye mwaka mzima hana neno zito kuliko la treni kuchelewa, Lotfi akaweka kiganja juu ya mkate wa tabuna mbele ya mama yake na kusema, kwa neema hii, akigusa tena chakula cha meza hii anaondoka na Ridha siku hiyohiyo, akaapa kwa mkate, na mwanamume aliyeapa kwa mkate mbele ya mama yake humrudishi nyuma kwa maneno, na sote tulijua Ridha atakuwa hapa tena leo, na sote tulijua meza itakuwa ileile… na shamba la Ridha kule Beja nalijua, nimekwenda kuchuma zeituni, mbwa wa kule hawana majina, wana minyororo, wanabweka tangu jua linatoka mpaka linazama na hakuna anayewauliza wanabwekea nini, na wewe, Bambaluni, wewe unayelala na pua ndani ya kiatu changu… usinitazame hivyo, kaa, tunarudia, kipande kidogo zaidi, pengine kile kilikuwa kikubwa, pengine nimekosea hapo, mtoto humpi hesabu ya tarakimu tatu asubuhi ya kwanza, unampa maharage ahesabu, moja, mbili, anafurahi, unamsifu, kesho unaongeza, na mimi kwa sababu ya woga nimerukia paja la kondoo, nimekuwa kama wale walimu wapya wanaotaka darasa zima lisome gazeti kabla ya Idi, taratibu, Neziha, taratibu, watoto wote wa mtaa huu waliandika majina yao ya kwanza wakiwa wamekaa mbele yako, hata mwenye duka la dawa, hata yule polisi wa njia panda anayekusimamishia magari, na hukuwahi kuinua rula, basi usiniambie sasa mbwa mmoja… subiri… vizuri… Wassila anafungua mlango, ananyoosha kichwa na kijiko mkononi, wifi, onja chumvi, anasema, kisha anajishika mdomo, ninaonja nini mimi na nimefunga, tumeshakuwa wendawazimu sote, anaondoka, mlango unabaki wazi, harufu ya briki inaingia, yai na tuna na mafuta ya moto, na Bambaluni hajasogea, ini liko kwenye kigae, mate yamemtoka mpaka sakafuni, na hajasogea, macho yake yako kwangu, siyo kwenye ini, kwangu… haya! nasema, na anachukua, anachukua kwa upole, kwa meno ya mbele, kama mtoto aliyepewa chaki, mwanangu, mwanangu mzuri, unaona, unaona kumbe, tena, haraka kabla hujasahau, kaa, subiri, televisheni inaongeza sauti, msomaji anafika mwisho wa sura, Ridha anapiga chafya kama bunduki, na hajasogea, haya, anachukua, na sasa nitamleta mezani, nitamkalisha pembeni ya kiti changu, kila mtu ataona, subiri, Bambaluni, hii ya mwisho, na chap chap chap ukumbini, na… ameshameza! Ameshameza na kurudi nyuma mpaka ukutani, mkia umeingia tumboni, kwa nini, kwa nini sasa, ulikuwa unajua, sekunde hii hii ulikuwa unajua, ningekuwa na rula leo ningeitafuta, astaghfirullahi, nimechoka, nimechoka na nyinyi nyote, siku walipoagana nami shuleni wakanipa maua ya plastiki na saa ya ukutani nilimkuta huyu getini ndani ya mfuko wa saruji, mdogo kama kiatu, nikasema huyu ndiye wa mwisho, na Lotfi akasema, miaka yote hiyo ya watoto wa watu haijakutosha, mwanamke wewe, akasema kwa mzaha, hana ubaya, Lotfi hana ubaya, anapenda tu kuonyesha kwamba nyumba ina mwenyewe, jioni zile za kwanza nikimwekea mbwa bakuli, Lotfi alikuwa akija na kandambili zake, akiliinua bakuli katikati ya mlo, juu, mbwa anabaki na ulimi nje, na Lotfi anacheka, anasema, ajue nani anayelisha humu, ndivyo baba yake Ridha alivyowafunza wale wa shambani, halafu analirudisha, wakati mwingine analirudisha, wakati mwingine simu inalia na analisahau juu ya kabati…

Kandambili. Wassila amepita na hajasogea, chafya imelia na hajasogea, lakini kandambili… ngoja, ngoja kwanza, leo kila mara alipokosea, ile ya kwanza, Lotfi alikuwa anakwenda kuangalia saa, ile ya pili, akinitania kuhusu gari, na hii, na Ijumaa, Ijumaa nani alikuwa anarudi mezani kutoka kuosha mikono wakati mimi nafuata jagi… Lotfi, Lotfi alikuwa anakuja, na paja likaondoka… na nimekaa hapa siku zote hizi nikisema huyu hashiki, ana tamaa, kichwa chake kigumu, mimi, mimi niliyemfundisha Khalil mtoto wa muuza vitambaa, Khalil aliyekuwa akila mkate wake wote katika somo la kwanza, mdomo umejaa, machozi yanamtoka kwa kukabwa, na walimu wenzangu wanasema ana ulafi, na mimi nilihitaji asubuhi moja tu kujua kwamba kaka zake walikuwa wanamngojea uwanjani wakati wa mapumziko, chakula ambacho hukukimeza ni chakula ulichokipoteza, hilo ndilo alilokuwa amejifunza, na alikuwa amejifunza vizuri, na dawa haikuwa kumfundisha Khalil lolote, dawa ilikuwa kaka zake… basi wewe umeshika, Bambaluni, umeshika kuliko wote, umepewa walimu wawili, mmoja anasema kinachokaa mbele yako ni chako, ngoja tu, na mwingine anasema kinachokaa mbele yako kitaondoka, na wewe umewajua wote wawili kwa sauti ya miguu, na mimi ninakuuliza kwa nini umenipa jibu la somo la mwenzangu, na usiku huu ulikuwa ufungwe kwenye gari la kondoo kwa sababu umemwelewa mume wangu… hasira hii, sijui niiweke wapi, ilikuwa kwako na sasa haina mahali, si Lotfi peke yake, mimi nilisimama pale nikiliangalia bakuli likipanda, nikasema mwache bwana, kwa sauti ya mtu anayeanika nguo, siyo kwa sauti yangu ya darasani… Neziha, anaita Bi Mannoubia, mwambie Wassila atoe supu, adhana imekaribia, na Ridha anasema, mwalimu, mlete mtahiniwa tumwone, na Lotfi, huyo mbwa umemfunga au hujamfunga, maana mimi nimeshasema neno langu, umesema, ndiyo, namjibu moyoni, kwa mkate umesema, na kiapo kina kafara yake, mama yako anaijua kuliko imamu, maskini kumi walishwe, na kupika nitapika mimi kwa furaha sufuria nzima, lakini kubeba utabeba wewe, bwana, mlango kwa mlango, na kwanza kuna jambo lingine, kwanza kabisa, kabla ya meza, kabla ya Ridha kumaliza kicheko chake, kwa sababu nikimleta sasa mezani atashindwa, atashindwa mara tu utakapokaa kwenye kiti chako, na halitakuwa kosa lake, kwa hiyo simleti, haendi kwenye mtihani wowote, si kazi yake mtihani huu… kaa, Bambaluni, kaa mwanangu, hapa, karibu na goti langu, usitetemeke, kipande kimoja kimebaki, siweki chini, nakishika, msomaji wa televisheni amenyamaza, mwadhini bado, ule ukimya wa nchi nzima iliyoshika kijiko, na chap chap chap, zinakuja, masikio yako yamelala, najua, nazisikia na mimi, tulia, na kabla hazijafika mlangoni naita, nasikia sauti inatoka, ile niliyodhani nimeiacha shuleni pamoja na ubao, siyo kubwa, haikuwahi kuhitaji kuwa kubwa, Lotfi, nasema, vua kandambili, uje hapa, na kandambili zinasimama, mimi, anasema Lotfi, na sebuleni Ridha hacheki, wewe, nasema, njoo uchuchumae, ufungue kiganja, chakula hiki utampa wewe, na ukishampa hutakichukua tena, na adhana bado, na mbwa ananitazama, na mimi natazama mlango.