Siku Pazia Liliponyamaza

Tangu mumewe afariki, Malkia Xun aliitawala nchi akiwa nyuma ya pazia, mwanawe Heng akikalia kiti cha enzi mbele yake. Mawaziri walimsujudia Heng, masikio yakiwa kwenye pazia. Sasa Heng alikuwa ameota ndevu, na bado akiulizwa jambo aligeuza shingo kulitazama pazia.

"Mwanangu, chukua muhuri wako wa ufalme," mama alimwambia asubuhi moja wakinywa uji wa mtama. "Nimechoka. Nataka kufuga viwavi wangu wa hariri."

"Mwakani, Mama."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Basi unaona mimi si kigeugeu," Heng alijibu, akajiongezea uji.

Malkia akaona maneno hayasaidii. Siku hiyohiyo barazani, Waziri Gongsun alipoanza kusimulia habari za mto uliobomoa kingo zake, na mzee huyo hakujua kufupisha, malkia alivua viatu akanyata hadi mlango wa nyuma. Alikwenda bandani kuwalisha viwavi majani ya mforosadi, akamtuma mjakazi wake Pei akachungulie.

Pei alirudi ameshika mbavu kwa kucheka.

"Waziri kaliuliza pazia, pazia kimya. Mfalme kageuka, kaita 'Mama?' mara mbili. Mwisho kalifungua, kakuta viatu."

"Akafanyaje?"

"Akakaa. Kisha akauliza waliofurikiwa wanalala wapi. Hakuna aliyejua. Kaamuru mazizi ya farasi wake wapewe watu, na Gongsun mwenyewe aende kusimamia ujenzi wa kingo."

"Gongsun? Na magoti yale?" Malkia aliinuka, majani yakamwagika.

"Unakwenda wapi, Mtukufu?"

Malkia akajizuia, akainama kuokota majani.

Mpaka adhuhuri hakuna aliyekuja kumwita. Hilo ndilo alilolitaka, lakini lilimchoma kuliko alivyotarajia, na Pei, aliyemjua, alimletea maandazi ya mvuke.

Jioni Heng alikuja mwenyewe. "Ulinitoroka."

"Nilikutoroka."

"Nilitetemeka magoti, Mama."

"Mimi nilitetemeka miaka mitatu ya kwanza. Pazia lilinisitiri."

Heng alicheka, akaupokea muhuri kwa mikono miwili. Gongsun alikwenda mtoni akinung'unika, kingo zikajengwa, ingawa upande mmoja ulikaa mshazari. Malkia alisikia habari za upande huo, akauma ulimi, akaendelea kukatakata majani.