Kipande cha Keki cha Meli

Evanthia, meli ya mvuke, iliundwa Uingereza mwaka 1906. Vitani ilizamishwa bandarini, ikaibuliwa imejaa tope, ikabadilishwa jina mara tatu, ndipo ikafika kisiwani kwetu Andros, Ugiriki, kubeba ngano na makaa ya mawe. Nilikuwa fundi wake mkuu wa injini kwa miaka kumi na tisa. Mke wangu alisema nakijua kikohozi chake kuliko cha wanangu.

Mwaka Mpya wa 1935, mwenye meli, Kapteni Isidoros, alituita kwake kukata keki ya sikukuu. Mezani kulikuwa na mkataba: kesho yake angesaini, Evanthia ikakatwekatwe iwe vyuma chakavu. Binamu yake Zannis, aliyetoka kununua meli ya dizeli, akaniuliza kama hiyo sufuria yangu itafika yenyewe huko kwa wakata vyuma au atuazime punda.

Kapteni akagawa kama kawaida: kipande cha Kristo, cha nyumba, cha meli, halafu vyetu. Humo hufichwa sarafu, na anayeipata ndiye mwenye bahati ya mwaka. Tukavunjavunja vyetu, hamna kitu. Sarafu ilikuwa kwenye kipande cha meli.

"Utauzaje bahati ya mwaka mzima?" akauliza mke wa Kapteni, Marousa, akipangusa kisu.

Kapteni akakunja mkataba, akanigeukia. "Mwaka mmoja, Pandelis. Ikinitia aibu, naiuza na wewe ukiwa ndani."

Machi tukarudi na ngano kutoka Bahari Nyeusi. Kwenye mlango wa bahari karibu na kwetu, upepo ukivuma kama umetukanwa, tukaikuta meli ya Zannis. Injini imezima, mawimbi yanaisukuma kwenye miamba, na mwenyewe yumo. Tukamrushia kamba ya chuma. Wachochea makaa walichochea mpaka nyusi zikaungua, boila ikanguruma, na baada ya muda wa saa tano tukaingia bandarini mchana kweupe, dizeli ikifuata nyuma kama mbuzi wa sokoni. Kengele za makanisa yote zililia.

Zannis alishuka mweupe kama jibini. "Punda amekufikisha, bwana," nikamwambia. Akanibusu mashavu yote mawili, masizi yakamhamia.

Kapteni alinikabidhi ule mkataba. Nikautupa tanurini kwa mkono wangu.

Baadaye nilimuuliza Marousa kama ile sarafu iliangukia kipande cha meli kwa bahati tu. Akasema keki alioka yeye, ila kisu alishika mumewe. Kisha akanikatia kipande kingine, kikubwa.